Maneno Chini ya Tarumbeta

"Toa mkono mdomoni, ndipo tuongee," Mama Mikono alimwambia msemaji wa Rais. "Nimekuzidi umri, mwanangu. Mtu mzima haongeleshwi hivyo."

Msemaji, ambaye mji mzima ulimwita Kasuku akiwa hayupo, alishusha mkono. Alikuwa ameingia na hasira zake zote kwenye chumba cha kituo cha televisheni walimomfungia mama huyu tangu jana, na sasa anafundishwa adabu.

"Nasema hivi, mama. Ulizua."

"Sikuzua. Nilifasiri."

Nani asiyemjua Mama Mikono? Kila Rais alipohutubia, yeye alikuwa kwenye kile kijisanduku cha pembeni mwa skrini, akiwafasiria viziwi kwa lugha ya alama. Na viziwi walikuwa wameongezeka, maana vita vya Rais viliwarudisha vijana wengi wakiwa hai lakini masikio yamepasuka. Maandishi ya hotuba yalipita kwenye kioo mbele yake na Rais, mstari kwa mstari, wakiyasoma pamoja. Kilichosemwa nje ya kioo alikifasiri pia, hata kama ni mzaha, kwa sababu ndiyo kazi ya mkalimani. Mkalimani halali na neno la mtu moyoni.

Jana Rais aliwataka wananchi wakaze mikanda. Hospitali ya majeruhi ingesubiri, dawa zingesubiri. Ndege yake mpya isingesubiri, maana hiyo ni ya usalama wa taifa. Na vita vingeendelea mpaka ushindi. Kisha mashavu ya wapiga tarumbeta yakavimba, kamera kubwa ikawageukia, na Rais, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, akamwinamia waziri wa fedha na kuongea naye huku akicheka.

Mikono ya Mama Mikono haikupumzika. Pale kwenye kijisanduku chake ikawaambia viziwi wa nchi nzima: "Vita vikiisha mwezi huu, hela tutaziomba kwa kisingizio gani? Waache wapigane mpaka uchaguzi upite. Vijana wapo, wanazaliwa kila siku."

Kabla jua halijazama, majeruhi walikuwa wamejaa mbele ya ikulu na magongo yao, mama zao nyuma yao.

Mle chumbani, Kasuku akampa mama mgongo, akaenda dirishani, akauliza nani aliyemtuma. Mama Mikono hakumjibu kitu. Akauliza tena. Kimya. Kasuku akaona huyu ana kiburi cha kuzaliwa nacho.

Kiburi kilikuwepo kidogo. Kilichomjaa ni chuki, wala hakuionea haya. Mwanawe wa pekee alikuwa amelazwa hospitali ya mpakani, ile iliyoombewa ulinzi mara chungu nzima, Rais akajibu kwamba fungu hakuna. Bomu lilipoanguka, mama alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mwana akafa. Yeye akatolewa kwenye kifusi bila hata mkwaruzo, na watu wakamwambia ana bahati. Alipomaliza matanga akarudi kazini, akasimama ubavuni mwa Rais hotuba baada ya hotuba, akimkodolea macho usoni, akingoja siku atakayoteleza ulimi.

Kasuku aligeuka. "Bendi ilikuwa inapiga, mama. Rais aliomba maji ya kunywa, na hata waziri aliyekuwa naye bega kwa bega alimsikia kwa taabu. Hakuna sikio la binadamu lingenasa neno pale. Leo daktari atakupima mbele ya waandishi wa habari. Ukiumbuka, unakwenda jela, na wale vilema wako wanarudi makwao wakijua wamechezewa akili na kibibi."

"Nipimeni. Ila iwe moja kwa moja hewani. Msije mkakatakata."

"Hilo ndilo ninalolitaka."

Studio ilijaa waandishi. Kasuku akajichimbia kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya kioo kinene kisichopitisha sauti, akakaa karibu na fundi mitambo, meno yote nje. Mama Mikono akaketi katikati ya taa. Alijua kwamba akiumbuka hapa, mwanawe atakuwa amekufa bure.

Daktari wa masikio alimvisha spika za masikioni. "Ukisikia mtu anaongea, nyanyua kidole."

Akamchezea rekodi ya bendi, na ndani yake sauti ya mtu. Kidole hakikunyanyuka. Nyuma ya kioo, Kasuku alipiga makofi.

Daktari akaipunguza bendi. Kidole kikatulia pajani. Akaizima kabisa, akaiacha sauti ya mtu peke yake, akaipandisha mpaka waandishi wa mbele wakaisikia ikivuja. Kidole kikatulia vilevile. Daktari akakunja uso. Akamvua zile spika, akamulika ndani ya sikio hili, akamulika na lile, kisha akazunguka nyuma yake na kupiga makofi kwa nguvu. Waandishi walishtuka. Mama Mikono hata kope hakupepesa.

"Huyu mama ni kiziwi," daktari alisema taratibu. "Masikio yote mawili yamepasuka, kama ya wale vijana wa vitani. Tena si leo wala jana. Hasikii kitu."

Mama Mikono hakuwa akimtazama daktari. Alikuwa akitazama juu ya vichwa vya waandishi, kwenye kioo, ambako Kasuku alikuwa amemwinamia fundi mitambo na rangi imemtoka. Akanyanyua mikono yake kwa ajili ya viziwi, na kwa ajili ya wenye masikio akapaza sauti:

"Msemaji wa Rais anasema: 'Kumbe anasoma midomo. Basi yale ya Rais aliyaona yote, vilevile alivyoyasema. Zima mitambo, upesi, kabla hajanifasiri na mimi.'"