Mlinzi wa Sufuria

Mama Guelord alimkuta mkwewe Plamedie, mke wa mwanawe, amechutama mbele ya mbabula, jiko la makaa, kifuniko mkononi, anachungulia sufuria ambayo hakutumwa kuigusa.

Asubuhi hiyo padri alikuwa na safari, misa ikaisha mapema. Plamedie alishtuka, akaifunika sufuria, akasema karibu Mama, kisha akachukua ndoo na kutoka kwenda kuteka maji. Hata macho hakuinua.

Loo! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Mboga ya nyama iliyokuwa sufuriani Mama Guelord aliipika mwenyewe kila jioni. Akishaipika huizungushia blanketi zito la reli na kuiweka kando ya majivu ya moto, ili Guelord akirudi asubuhi kutoka zamu ya mgodini aikute ingali vuguvugu. Makaa ni ghali, na mtoto mwenye mama hali chakula baridi. Ndivyo alivyomtunza marehemu mumewe, mtu wa reli, mpaka wabaya wa kazini walipomtilia sumu. Alikufa kwa tumbo, maskini, na tangu hapo mjane wake hakumwamini mtu karibu na sufuria.

Sasa alikumbuka jambo. Mwezi uliopita Plamedie alikwenda Kipushi kumwona mama yake, akalala huko. Asubuhi yake Guelord alikula, akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Mwanamke mjanja! Aliacha ameshatia dawa yake ndipo akaondoka, asishukiwe.

Mama Guelord hakumwambia mtu. Jioni sufuria ikalala chumbani kwake, ndani ya blanketi, mlango umefungwa na ufunguo umekazwa kwenye pindo la kitenge. Misa aliacha. Mungu angemwelewa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kulipokucha Plamedie aligonga, akaiomba sufuria mara moja tu. Mama Guelord alimjibu toka ndani kwamba chakula hakijapoa, aende akafue. Siku iliyofuata msichana aligonga tena, na sauti ilimtetemeka. Asiye na hatia hutetemeka kwa nini?

Guelord alikula siku zote mbili, akamsifu mama yake. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, alianguka uani ameshika tumbo, jasho likimtiririka. Hospitalini walimtundikia maji. Muuguzi alisema shida imetoka kwenye chakula cha asubuhi, na kwamba hali bado ni ya kuombea. Mama Guelord hakuhitaji kusikia zaidi. Alitetemeka kwa hofu, na kwa hasira vilevile.

Alasiri alimwita nyumbani Désiré, mdogo wa marehemu mumewe, aje ashuhudie mkwe akirudishwa kwao. Plamedie aliketi kwenye kigoda, macho yamevimba kwa kulia. Sufuria ilikuwa katikati yao, ingali imevikwa blanketi, iwe ushahidi.

"Sema mbele ya baba mkwe wako," alisema Mama Guelord. "Ulikuwa unatiaka nini mule?"

"Sikutiaka kitu, Mama." Plamedie alijifuta uso kwa kiganja. "Ulikuwa unaendaka ku misa, na mimi ninaiteleka pa moto mpaka inatokota kabisa, sababu mboga yenye kulala vuguvugu inaharibikaka. Kila siku. Niliogopa kukuambia, ungesema ninazarau mapishi yako. Ile siku moja nilikuwa Kipushi. Na hizi siku mbili, ulifunga mulango."

Désiré alimgeukia shemeji yake.

Mama Guelord aliinama kulifungua blanketi. Sufuria ilikuwa bado na joto. Blanketi lilikuwa lile lile alilomfunikia mumewe chakula, hadi asubuhi ile ya mwisho.