Vyuma Vinavyojua Kiti Tu

Kwenye matanga ya Tunu wanawake wote walikuwa wameketi mkekani. Aliyesimama peke yake ni Siwema, ndugu wa marehemu wa tumbo moja.

"Kaa chini, mwanangu," shangazi yake alimwambia. "Mfiwa hasimami kama mgeni."

"Vyuma vinakataa, shangazi."

Siku hizi mwenye magoti legevu haruhusiwi kutoka nje bila vyuma vya serikali miguuni, na ufunguo wa kuvifungua hakai nao yeye. Siwema hakatai kwamba vinamtembeza vizuri. Ngazi anapanda, sokoni anafika. Lakini vinajua kiti tu. Mkeka havikufundishwa.

Akajaribu tena kukunja goti.

"Kukaa sakafuni ni hatari," sauti ya upole ilisema kutoka pajani, na wanawake wakaacha kulia, wakamtazama.

"Nani kakuuliza?" alifoka. "Ni ndugu yangu huyu! Nikalishe!" Akavipiga vyuma ngumi, mwili mzima ukimtetemeka kwa hasira.

"Unakaribia kuanguka," vilisema. "Tunarudi nyumbani."

Miguu ikamgeuza. Siwema akashika mlango, mlango ukamponyoka. Akashika kanga ya shangazi yake, ikamvuka shangazi, ikabaki mkononi mwake. Njia nzima alitukana, na miguu ikatembea bila kujikwaa hata mara moja.

Nyumbani miguu ikamkunja taratibu, ikamkalisha kitini, kanga ingali mkononi.

"Pole kwa msiba," vyuma vilisema, vikajifunga.