Kanga na Deni la Mswaki

Siku hiyo walikuwepo Kanga aliyekuwa akiatamia mayai yake, jirani yake Kobe, Chiriku mpenda vicheko, na Kicheche mdai madeni, aliyekuja akitafuna mswaki.

"Mama Kanga, lipa deni! Huna? Basi nachukua mayai," alifoka Kicheche ili majirani wote wasikie.

Kanga aliona aibu. Hakukumbuka kukopa chochote, lakini alikuwa karibu kutoa yai moja ili yaishe. Kobe akajikokota mpaka kwenye kiota, akakaa ubavuni mwake.

"Muulize kwanza ulikopa nini, dada," alimnong'oneza.

Kanga akajikaza. "Kwani nilikopa nini, kaka?"

Kicheche hakulitarajia swali hilo. Akababaika, akautoa mswaki mdomoni. "Mswaki! Mswaki kama huu!"

Kanga akapanua mdomo wote. "Haya, nionyeshe jino nililolisugua."

Chiriku alicheka hadi akadondoka tawini, na Kobe, kibogoyo mwenzake, akapanua wake pia. Kicheche akatoka mbio, akausahau hata mswaki.

Mayai yote yalianguliwa Ijumaa, na kifaranga wa kwanza aliitwa Kobe.