Mikono Mipya ya Tumpale

Siku hizi shahada hupandikizwa kichwani asubuhi moja, lakini kila moja hudai nafasi yake. Uzamili hufuta mwaka mmoja wa kumbukumbu. Uzamivu hufuta mitano. Udaktari wa tiba huchukua mazoea ya mikono tu, ndiyo maana Tumpale aliuchagua. Hakutaka kusahau hata siku moja ya bintiye, Sekela.

Jioni alirudi nyumbani akiwa daktari. Sekela akaketi mbele yake na kitana.

"Mama, nisuke."

Tumpale alishika nywele, vidole vikaganda. "Nimesahau, mwanangu."

"Usijali, nitakufundisha. Gawa tatu, hivi."

Walicheka mpaka kazi ikaisha. Sekela akapapasa kichwa chake. "Nimependeza!"

Tumpale akambusu. Hakumwambia kwamba kila msuko ulikuwa umefungwa kwa fundo la kushonea jeraha.