Mshono wa Bakuli la Mama

Kaka mtu alimsogezea mgeni, mnunuzi wa vyombo vya zamani, bakuli la kioo la marehemu mama yao, kifua mbele kama jogoo aliyetaga yai. Dada yake akabinua mdomo.

"Hili limechongwa kwa mkono," kaka akajigamba. "Papasa! Hakuna mshono wa kalibu, ule mstari unaoachwa na umbo la kumiminia kioo."

Mgeni akalipapasa kwa kidole gumba, kuanzia ukingoni hadi kitakoni. Uso ukamshuka.

"Mimi nakusanya vyombo vya kalibu, na mshono ndio ushahidi wake. Hapa ulikuwepo. Nani kausugua?"

Kaka akamgeukia dada yake. "Si nilikukataza kugusa vitu vya mama?"

Dada akamtazama kaka yake vidole, vingali vyeupe kwa vumbi la msasa. Bingwa mzima, hata kunawa hajui.

"Mgeni wetu," akasema, "mpe kaka mkono, umuage."