Kipande cha Kopo

Bolti ya bomba la moshi kwenye injini ya mashua ilitoka kwa vidole, bila spana. Meno ya tundu yalikuwa yameliwa, na mtu alikuwa ameizungushia bolti kipande cha kopo la soda ili ishike.

Fundi, kama kawaida ya mafundi, akafungua kinywa amtukane aliyemtangulia.

Kisha akakitambua kipande. Alikikata mwenyewe, siku kaka yake alipokuwa na haraka ya kuondoka. "Itakufikisha," alimwambia. Safari hiyohiyo kaka alikutwa chumbani mwa mashua, moshi umemmaliza.

Mjane wa kaka alisogea. "Umeona nini, shemeji? Mama yenu bado anasema nilimuua mimi, kwa kufunga dirisha la chumba."

Fundi alifumba kiganja mpaka kipande kikamkata.

"Kutu tu, shemeji."