Ikishapata Moto Haiwaki

Jamaa alikuwa amepiga kiki mpaka shati limemganda mgongoni, na pikipiki haikumjibu hata kwa kikohozi.

Mama Spana, fundi wa pikipiki, alikuwa anarudi gereji kwake. Kuipita injini inayoteseka bila kuigusa hakuweza kamwe. Akasimama.

"Pole, kaka. Imeanza lini?"

"Sasa hivi tu." Jamaa alitupa macho huku na huku. "Nisaidie, dada yangu, nina haraka. Mke wangu anajifungua!"

Mama Spana aligusa ubavu wa injini, akarudisha kidole mbio. "Ya moto hii! Ikiwa baridi inawaka vizuri?"

"Eee... nadhani."

"Unadhani?" Mama Spana alicheka. Wanaume hawa! Kupanda wanajua, kinachowabeba hawakijui. "Haya, zima choki."

Jamaa alipapasa chini ya tangi, akapapasa kwenye usukani, akabonyeza honi. Pikipiki ikapiga yowe, naye akaruka kama aliyeng'atwa.

Mama Spana alimsogeza kwa kiwiko. Choki ilikuwa upande wa kushoto, imekwama nusu.

"Umeona? Injini ikiwa baridi inataka mafuta mengi, hii inaisaidia. Ikishapata moto, mafuta yaleyale yanaizamisha."

Spana ya plagi haikukosa mfukoni mwake. Akaifungua plagi, nayo imelowa chepechepe. Akaifuta kwa pindo la ovaroli, akairudisha, kisha akaisukuma choki kwa bisibisi mpaka ikakaa mahali pake.

"Uchungu umemshika tangu saa ngapi?"

"Nani? Aah, mke wangu! Tangu asubuhi."

Maskini, kachanganyikiwa kabisa. "Haya, baba mtoto, vuta mafuta mpaka mwisho, piga kiki."

Ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikanguruma, ikatema wingu la moshi mweusi, na jamaa akachomoka hata shukrani zikamfia mdomoni.

"Akiwa wa kike mpe jina langu!" Mama Spana alimpigia kelele. Jamaa alikuwa ameshakata kona.

Akaingia gereji anapiga mluzi, moyo mweupe. Kwenye benchi alimkuta mwanamume wa makamo, kofia ya pikipiki mapajani, anajipepea.

"Afadhali umefika, fundi. Nimeambiwa hapa mjini wewe tu ndiye utakayeniponya. Pikipiki yangu ikishapata moto haiwaki, hata uipigie magoti. Sasa hivi imenizimikia pale barabarani, nikaona nikufuate kwa miguu."

Mluzi ulikatika. "Umeiacha peke yake?"

"Na ufunguo nimeuacha humohumo," alisema mgeni, akicheka. "Nani ataweza kuiondoa?"